Virusi vya surua ndani ya uvimbe: kisa cha Beata Halassy wa Zagreb

Mwaka 2020 Beata Halassy, mtaalamu wa virusi katika Chuo Kikuu cha Zagreb nchini Kroatia, aligundulika kwamba saratani ya matiti imemrudia kwa mara ya pili. Titi la kushoto lilikuwa limeshakatwa. Uvimbe mpya ulikuwa umeota palepale titi lilipokuwa, ukaingia kwenye ngozi na kushikana na msuli wa kifua. Alikuwa na umri wa karibu miaka 50. Kemo, yaani dawa kali za kuua seli za saratani, alikuwa ameshaipitia, na safari hii hakuwa na moyo wa kuirudia.

Aliyoyafanya baada ya hapo yalijulikana kwa watu wengi Novemba 2024, jarida la Nature lilipoyaandika. Hadi kufika kwenye makundi yetu ya WhatsApp, kisa kilikuwa kimebaki mfupa mtupu. Toleo nililotumiwa mimi lilisema mwanasayansi wa Ulaya kajiponya saratani kwa chanjo ya surua ya watoto, kakataa dawa za hospitali, na wakubwa hawataki mjue. Chini yake mtu alikuwa ameuliza kama hiyo chanjo inapatikana duka la dawa.

Swali lile ndilo lililonifanya nikisome kisa chenyewe kama Halassy na wenzake walivyokiandika mwaka huohuo kwenye jarida la Vaccines. Aliyeuliza huenda hakuwa anatania. Huenda ana mama au dada ambaye wiki hii ameambiwa aanze kemo, na nyumbani wanatafuta mlango mwingine. Kwa mtu huyo kisa cha Halassy kina mengi ya kufundisha, ila karibu yote yamo kwenye sehemu zilizokatwa njiani.

Kilichofanyika

Halassy alitumia virusi vya aina mbili, kimoja baada ya kingine. Alianza na kirusi cha surua, ukambi kama wanavyosema Kenya, cha aina iitwayo Edmonston-Zagreb. Kisha akahamia kwenye kirusi kiitwacho VSV, ambacho kwa kawaida huwaletea ng'ombe, farasi na nguruwe vidonda vya mdomoni. Vyote viwili alivikuza na kuvisafisha yeye mwenyewe katika maabara yake. Kazi ya kumdunga aliifanya mwenzake wa kazini, na sindano ilikuwa inaingia moja kwa moja ndani ya uvimbe, tena na tena, kwa muda wa miezi miwili.

Madaktari wake wa saratani walijua. Hili ndilo la kwanza lililopotea njiani. Walikubali kumfuatilia kwa makubaliano kwamba mambo yakienda kombo atahamishiwa kwenye kemo ya kawaida. Uvimbe ulipigwa picha mara kwa mara, na kati ya picha na picha ulikuwa unakaguliwa kwa mkono: umekuwa mdogo au mkubwa, umelainika au bado mgumu, unasogea ukiusukuma au umeganda.

Ulisinyaa. Ukalainika, ukaachia ngozi, ukaachia na msuli. Baada ya ile miezi miwili daktari wa upasuaji aliweza kuutoa kwa operesheni nyepesi, jambo ambalo mwanzoni lisingekuwa rahisi hivyo. Uvimbe ulipochunguzwa chini ya hadubini ulikutwa umevamiwa na seli za kinga: seli B, seli T za kundi linaloua, na zile seli kubwa zinazomeza uchafu. Kabla ya virusi uvimbe haukuwa na alama ya PD-L1, protini ambayo seli za saratani huitumia kujikinga zisishambuliwe, na baada yake alama hiyo ilionekana, ishara kwamba pale ndani palikuwa pamezuka vita na kinga ya mwili. Madhara aliyoyapata yalivumilika.

Baada ya upasuaji alipewa dawa ya trastuzumab, ambayo wagonjwa wengi wanaijua kwa jina la Herceptin, kwa mwaka mzima. Ripoti ilipochapishwa ilikuwa imepita miezi 45 tangu upasuaji na saratani haikuwa imerudi.

Basi "kakataa dawa za hospitali" si kweli. Upasuaji alifanyiwa, dawa ya mwaka mzima alitumia, na madaktari hakuwatoroka. Alichokikataa ni kemo.

Kirusi tunachokijua

Jina Edmonston ni la mvulana, David Edmonston, aliyeugua surua shuleni karibu na Boston mwaka 1954. John Enders na Thomas Peebles walikipata kirusi kwenye sampuli alizotoa mtoto huyo, na kutoka hapo zimezaliwa chanjo nyingi za surua zilizopo duniani. Ukoo mmoja uliendelezwa Zagreb, ndiyo maana jina la mji likaingia. Chanjo ya surua-rubela ya Serum Institute of India, ambayo imetumika katika nchi nyingi za Afrika, inatengenezwa kwa aina hiyohiyo ya Edmonston-Zagreb. Mzazi wa Tanzania au Kenya aliyempeleka mtoto kliniki akiwa na miezi 9, kisha akamrudisha kwenye miezi 18, pengine ameshakutana nacho bila kujua.

Lakini kirusi kuwa kilekile hakumaanishi dawa ni ileile. Dozi moja ya chanjo ya mtoto inatakiwa iwe na angalau vipimo 1,000 hivi vya virusi hai, na inachomwa chini ya ngozi ya mkono ili mwili ujifunze. Mwaka 2014 hospitali ya Mayo Clinic, Marekani, iliripoti wagonjwa wawili wa saratani ya uboho waliopewa virusi vya surua kwenye mshipa: kipimo kilikuwa bilioni 100. Mmoja wao alipata nafuu kubwa, ya mwenzake haikudumu. Anayetaka kwenda kliniki kuomba kichupa cha surua akajidunge uvimbe anazungumzia kitu tofauti kabisa na kile kilichopimwa Mayo au kutayarishwa Zagreb.

Na kipimo si jambo la kuchezea. Mwishoni mwa miaka ya 1980 chanjo hiyohiyo ya Edmonston-Zagreb ilijaribiwa kwa kipimo cha juu zaidi kwa watoto wachanga katika nchi kama Guinea-Bissau, Senegal na Haiti, kwa nia nzuri ya kuwakinga mapema. Shirika la Afya Duniani likaipendekeza. Kisha ikaonekana wasichana waliopewa kipimo hicho walikuwa wanakufa zaidi katika miaka iliyofuata kuliko waliopewa kipimo cha kawaida, na mwaka 1992 pendekezo likaondolewa. Hakuna aliyeitarajia tofauti hiyo, wala isingeonekana kwa kumwangalia mtoto mmoja mmoja. Ilionekana kwa sababu kulikuwa na makundi mawili ya kulinganisha na watu waliokuwa wakihesabu.

Kwa nini surua ishambulie saratani? Virusi vya chanjo huingia kwenye seli kwa kushika vipokezi fulani juu yake, na viwili kati ya hivyo, CD46 na nectin-4, hupatikana kwa wingi kwenye seli nyingi za saratani. Nectin-4 ni jambo la kawaida hasa kwenye saratani ya matiti. Kikishaingia, kirusi huzigandisha seli jirani pamoja kuwa donge moja linalokufa, na mizoga hiyo huita kinga ya mwili ije kuangalia kuna nini. Ile picha ya hadubini ya Zagreb inaendana na maelezo haya.

Wazo lenyewe lina mizizi jirani na kwetu. Mwaka 1971 madaktari Avrum Bluming na John Ziegler, waliokuwa wakifanya kazi Kampala, waliandika kwenye jarida la Lancet habari za mtoto wa Uganda wa miaka 8 mwenye uvimbe wa Burkitt, aina ya saratani ya limfu, kwenye tundu la jicho. Kabla hajatibiwa alipata surua. Vipele vilipotoka, uvimbe ukaanza kunywea. Uganda ndiko Denis Burkitt alikokuwa ameueleza ugonjwa huo mwaka 1958, na taarifa ya yule mtoto inatajwa hadi leo na wanaotengeneza virusi vya kutibu saratani. Kutoka mtoto yule hadi dozi ya Mayo Clinic ilipita miaka 43. Mwendo ulikuwa wa taratibu kwa sababu tukio moja linatoa wazo tu, halitoi tiba.

Uamuzi wenyewe na gharama yake

Nirudi kwa Halassy akiwa bado hajadungwa sindano ya kwanza. Mezani palikuwa na nini?

Utafiti ulioitwa CALOR, uliochapishwa mwaka 2014, ulichukua wagonjwa 162 ambao saratani ya matiti iliwarudia mahali palepale au jirani, uvimbe ukaondolewa wote kwa upasuaji, kisha wakagawanywa kwa kura: nusu wapewe kemo, nusu wasipewe. Baada ya miaka 5, asilimia 69 ya waliopata kemo walikuwa hai bila saratani kurudi, dhidi ya asilimia 57 ya wenzao. Waliokuwa hai kwa ujumla walikuwa asilimia 88 dhidi ya 76. Kwa wale ambao uvimbe wao hauna vipokezi vya estrojeni, homoni ya kike, pengo lilikuwa kubwa zaidi: 67 dhidi ya 35 kwa kipimo kile cha kwanza. Hizi si tofauti za kupuuza. Mgonjwa mwenye ugonjwa wa namna hii anapoikataa kemo, anaweka mezani kitu chenye uzito unaojulikana, na anachochukua badala yake hakijawahi kuwekwa kwenye mizani.

Haki ya kukataa anayo. Mgonjwa mwenye akili timamu aliyeelezwa akaelewa anaweza kusema hapana kwa dawa yoyote, na daktari mzuri haachi kumhudumia kwa sababu hiyo. Nadhani madaktari wa Zagreb walifanya jambo la busara kuliko lilivyoonekana: wangemfukuza, angeendelea peke yake bila picha wala kipimo. Walimshikia kamba kiunoni kama mpiga mbizi.

Kamba hiyo ilikuwa imesukwa na mambo ambayo wagonjwa wengi hawana. Uvimbe wake ulikuwa juu juu, unashikika kwa kidole, kwa hiyo ndani ya siku chache ungejulikana kama unakua. Saratani iliyoko kwenye ini au uti wa mgongo haitoi nafasi hiyo. Alikuwa amejipa muda mfupi wenye mwisho. Mashine za picha zilikuwepo na foleni haikumla. Na kukuza virusi na kuvisafisha visiwe na takataka nyingine ndiyo kazi aliyokuwa akiifanya kila siku. Hata hivyo, ripoti yenyewe inasema wazi kwamba kujitibu kwa virusi kusiwe njia ya kwanza kwa mgonjwa aliyegunduliwa.

Hapa nina neno na wanaomsifu Halassy kwa ujasiri. Ujasiri ungetosha kumfanya ajidunge sindano ya kwanza. Kilichomfanya awe salama baada ya hapo ni woga uliopangwa vizuri: watu wengine wanaotazama, na njia ya kurudi iliyoachwa wazi.

Nini kinaweza kusemwa kwa uhakika

Kuna madai mawili ndani ya kisa hiki, na watu huyachanganya.

La kwanza ni kwamba virusi vilisinyaza uvimbe. Hili lina nguvu. Katika ile miezi miwili hakuwa anatumia tiba nyingine, picha zipo, mabadiliko yalifuata sindano, na uvimbe uliotolewa ulikuwa na alama za vita ya kinga. Stephen Russell, aliyeongoza kazi ya Mayo Clinic na mwenye uzoefu mrefu wa virusi hivi, naye alikubali alipoulizwa na Nature kwamba sindano zinaonekana kufanya kazi. Aliongeza maji baridi kidogo: haoni kama kisa hicho kimefungua njia mpya, kwa kuwa watafiti wengine tayari wanajaribu virusi mapema kwenye saratani. Kipya ni kwamba alijifanyia mwenyewe, kwa virusi alivyokuza mwenyewe.

Dai la pili ni kwamba virusi ndivyo vilivyomweka bila saratani kwa miezi 45. Hili halina mguu wa kusimamia. Uvimbe ulikatwa. Trastuzumab ikafuata kwa mwaka mzima, na hiyo ni dawa yenye ushahidi mzito inapotumika kwa saratani yenye wingi wa HER2, protini inayozisukuma seli zikue. Ukila vyakula vitatu mlo mmoja huwezi kuapa ni kipi kilichokushibisha. Huenda virusi vilichangia sana, huenda vilichangia kidogo, na mwili mmoja hauna namna ya kutuambia.

Wanaoona hili ni ubishi wa wasomi tu wasome historia ya NeuVax. Hii ilikuwa chanjo ya saratani ya matiti hasa: kipande kidogo cha protini ya HER2, chenye amino asidi 9, kilichochanganywa na dawa ya kuamsha kinga na kuchomwa ndani ya ngozi. Jaribio la mwanzo lilihusisha wanawake 187. Baada ya miaka 5, asilimia 89.7 ya waliochanjwa hawakuwa na saratani, dhidi ya 80.2 ya wasiochanjwa. Matumaini yakapanda, hisa za kampuni nazo. Lakini makundi yale mawili hayakugawanywa kwa kura. Chanjo ilimfaa mtu mwenye aina fulani ya tishu, HLA-A2 au A3. Waliokuwa nayo walichanjwa, wasiokuwa nayo wakawa ndio wa kulinganishwa nao.

Jaribio kubwa la awamu ya tatu likafuata, safari hii kwa kura: wanawake 758 katika nchi 13, wote wakiwa na tishu inayotakiwa. Nusu walipata chanjo, nusu wakapata ile dawa ya kuamsha kinga peke yake. Juni 2016 jopo huru lililokuwa likichungulia takwimu lilishauri jaribio lisimamishwe, kwa sababu chanjo haikuonyesha faida yoyote. Pengo lililoonekana kwa wale 187 halikuonekana.

Naikumbuka NeuVax kila ninapoona mtu mmoja aliyepona akigeuzwa kuwa ushahidi. Ikiwa wanawake 187 waliweza kutupotosha, mmoja atatupeleka wapi?

Upande wa pili, mimi si miongoni mwa wanaodhani chanjo kutibu saratani ni ndoto. BCG, ile inayowaachia watoto wetu kovu mkononi, humiminwa ndani ya kibofu cha mkojo kutibu saratani ya kibofu iliyo bado juu juu, na ni tiba ya kawaida kwa miongo kadhaa sasa. Ilianza kwa ripoti ya wagonjwa wachache mwaka 1976. Ilifika ilipo kwa sababu baadaye ililinganishwa kwa kura na tiba nyingine, ikashinda.

Walioyafanya haya ndani ya mfumo

Ralph Steinman wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, alikuwa mtaalamu wa kinga ya mwili aliyegundua seli za dendriti, zile zinazoifundisha kinga nini cha kushambulia, mwaka 1973. Mwaka 2007 alikutwa na saratani ya kongosho. Naye alijitumia chanjo za majaribio, nyingine zikiwa zimetokana na kazi yake mwenyewe. Ila alifanyiwa upasuaji na akapata kemo ya kawaida pia, na kila jaribio lilipitia kibali maalumu cha mgonjwa mmoja na kamati ya maadili. Aliishi zaidi ya miaka 4, muda mrefu kwa ugonjwa ule, akafa siku 3 kabla ya kutangazwa mshindi wa Nobel ya mwaka 2011. Kama chanjo zilimsaidia, hakuna ajuaye.

Tofauti yake na Halassy ni zaidi ya karatasi za vibali. Steinman alikuwa na ugonjwa ambao tiba zilizopo zilikuwa dhaifu. Halassy alikuwa na tiba iliyopo ambayo hakuitaka. Azimio la Helsinki, linaloongoza utafiti kwa binadamu tangu mwaka 1964, linaruhusu daktari kujaribu kisichothibitishwa pale ambapo kilichothibitishwa hakipo au kimeshindwa. Kutotaka ni sababu ya kibinadamu kabisa, lakini ni sababu nyingine.

Kuna pia hili la mtafiti na mgonjwa kuwa mtu mmoja. Kwenye jaribio la kawaida kamati ya maadili ipo kwa ajili ya siku ambayo mtafiti amelipenda wazo lake kupita kiasi. Mtu atatoa ridhaa, sawa, lakini ridhaa ya kujikubalia mwenyewe haina wa kuihoji. Ndiyo maana majarida zaidi ya kumi na mawili yalikataa kuchapisha kisa hiki kabla ya Vaccines kukipokea, wengi wakitaja maadili. Jacob Sherkow, msomi wa sheria na tiba huko Illinois, alieleza hofu kwamba wagonjwa wengine wataacha tiba na kuiga. Hofu hiyo naiona ni ya haki. Bado naona kuchapisha kulikuwa bora kuliko kunyamaza, kwa sababu lile toleo la WhatsApp lingetokea tu kwa mlango mwingine, na tusingekuwa na ripoti ya kulisahihisha.

Wazo la kudunga virusi kwenye uvimbe wa titi limejaribiwa pia kwa utaratibu. Kituo cha saratani cha Moffitt, Florida, kilichukua wagonjwa 37 wa saratani ya matiti isiyo na vipokezi vyote vitatu (estrojeni, projesteroni na HER2), wakadungwa kirusi cha T-VEC, kilichotengenezwa kutokana na kirusi cha malengelenge na kilichoidhinishwa Marekani mwaka 2015 kwa saratani ya ngozi. Kwenye matokeo ya mwaka 2023, wagonjwa 17 kati ya 37 hawakukutwa na saratani yoyote wakati wa upasuaji. Jambo la kuangalia ni hili: virusi vile vilitolewa pamoja na kemo. Hakuna aliyeambiwa aache kemo ili ajaribu.

Mtu wa Tanga au Nakuru akiwa na karatasi ya kemo mkononi

Turudi kwa muulizaji wa WhatsApp. Wanaoulizia chanjo za majaribio huliweka swali kama njia panda, chanjo au kemo. Ukiangalia majaribio yaliyopo, njia panda hiyo mara nyingi haipo. Chanjo ya protini ya maziwa, alpha-lactalbumin, iliyoanza kujaribiwa Cleveland Clinic mwaka 2021, ilianza kwa wanawake waliokwisha kumaliza matibabu na wako katika hatari ya kurudiwa. Jaribio la Flamingo-01, la chanjo ya GP2, linachukua wenye saratani ya HER2 waliopitia dawa na upasuaji na bado mabaki ya saratani yakakutwa. Chanjo inakuja nyuma ya tiba kuzuia kurudi. Anayeacha kemo ili asubiri chanjo anaweza kujikuta amekosa sifa za kuingia kwenye jaribio lenyewe.

Kuna majaribio yanayokwenda kinyume, yanayotaka mgonjwa ambaye hajaanza dawa, mfano lile la Moffitt. Kwa hiyo wakati wa kuuliza ni kabla ya dripu ya kwanza, siku ileile daktari anapopanga matibabu: kuna utafiti wowote unaonifaa, na nikianza leo nitakuwa nimejifungia upi? Jibu la kawaida litakuwa hapana, na matibabu yaanze. Huku kwetu wagonjwa wengi wanafika hospitali ugonjwa ukiwa umeshasogea, na miezi miwili ya kusubiri haina picha za kila mara wala daktari anayepima kama uvimbe unasogea.

Ukipewa nafasi kweli, uliza ni awamu ya ngapi. Awamu ya kwanza hutafuta kipimo na usalama, haiahidi kupona. Uliza kama tiba ya kawaida inaendelea, kama utapangwa kwa kura, na nani atalipia ukidhurika. Tanzania utafiti wa namna hiyo unatakiwa uwe na kibali cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na dawa yake ipitie TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Kenya kuna kamati za maadili, NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi) na Pharmacy and Poisons Board (bodi ya dawa na sumu). Karatasi ya ridhaa iwe kwa lugha unayoielewa, uende nayo nyumbani, uisome na ndugu zako. Kujitoa unaweza siku yoyote bila kunyimwa matibabu. Na kwa kawaida dawa inayojaribiwa hailipiwi na mgonjwa. Anayekuuzia "jaribio" kwa bei anauza biashara.

Halassy mwenyewe amesema hajuti. Septemba 2024 alipata fedha za kuchunguza tiba ya virusi kwa wanyama wa kufugwa wenye saratani. Huko angalau hatakuwa mtafiti na mgonjwa kwa wakati mmoja, na wagonjwa watakuwa zaidi ya mmoja.